AL Inavyouzwa Nairobi: Dawa Bora, Kaunta Yenye Haraka

Bidhaa ninayoitathmini hapa inapatikana karibu katika kila duka la dawa jijini Nairobi, kuanzia yale makubwa ya katikati ya jiji hadi vibanda vyenye dirisha la chuma huko Kayole na Kawangware. Ni pakiti ya tembe za kutibu malaria, zenye artemetha na lumefantrini, ambayo wauzaji huiita AL kwa ufupi, na ambayo wateja wengi huiita Coartem hata pale ambapo iliyo mkononi mwao imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Nimeitazama kama mnunuzi wa nyumbani anayewatunza watu wazima, watoto na shemeji mjamzito, na ambaye jamaa zake husafiri kwenda Siaya, kando ya Ziwa Victoria, kila likizo ndefu. Hukumu yangu ni kwamba tembe zenyewe zinastahili sifa karibu zote zinazopewa, ilhali huduma inayoambatana nazo pale kaunta ni duni kiasi cha kuweza kuiharibia dawa kazi yake.

Ieleweke kwanza kwamba Nairobi yenyewe si mji wa malaria. Jiji liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na baridi yake huchelewesha ukuaji wa kimelea ndani ya mbu, kwa hiyo wengi wanaougua malaria hapa wamerudi nayo kutoka mahali pengine. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba miongoni mwa watoto wa umri wa miezi 6 hadi miaka 14 waliopimwa kwa hadubini, asilimia 6 nchini kote walikuwa na vimelea, lakini katika ukanda wa Ziwa Victoria kiwango kilikuwa takriban asilimia 19. Tena ugonjwa haujitokezi siku ya kuumwa na mbu. Huchukua wiki moja au mbili, pengine zaidi, na ndiyo maana homa za Desemba huonekana Nairobi wakati karo za Januari zinalipwa na safari imekwisha kusahaulika. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa Nairobi naye huenda akaugua vibaya kuliko binamu zake wa Bondo waliolala naye chumba kimoja, kwa kuwa mwili wake haujajijengea kinga yoyote dhidi ya kimelea hicho.

Kutokana na hayo, swali la kwanza ambalo muuzaji wa dawa wa Nairobi angepaswa kumwuliza mwenye homa ni alikotoka majuma machache yaliyopita. Katika maduka ninayoyafahamu, swali hilo huulizwa kwa nadra. Mara nyingi huulizwa kama mteja anataka ya bei ya chini au ya bei ya juu.

Upande wa pili wa kosa hilo ni kuuza AL bila kipimo. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, ama kwa hadubini ama kwa kipimo cha haraka kinachohitaji tone moja la damu ya kidole na kutoa jibu kwa takriban dakika 15 hadi 20. Huku kwetu, ambako homa nyingi si za malaria, pendekezo hilo lina uzito wa pekee, maana anayepewa AL kwa homa ya mapafu amepoteza siku tatu akitibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Zipo pia maabara ndogo za mitaani ambazo humpa karibu kila mgonjwa jibu lile lile la "malaria na taifodi", na mgonjwa huondoka na mfuko uliojaa dawa za magonjwa mawili. Kipimo cha Widal kinachotumiwa sana kutangaza taifodi si cha kutegemewa kikiwa peke yake, na mtu ana haki kabisa ya kuuliza jibu lake limetokana na kipimo gani.

Sasa niigeukie pakiti. Pakiti ya mtu mzima ina tembe 24 za rangi ya manjano, na kila tembe ina miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Mtu mwenye kilo 35 au zaidi humeza tembe nne kwa kila dozi, na dozi ni sita kwa siku tatu. Zipo pia tembe zenye nguvu mara nne, za miligramu 80 kwa 480, ambapo mtu mzima humeza moja tu kila dozi na pakiti nzima ina tembe sita. Kwa watu wazima wanaochoka kumeza, hizi ndizo ninazozipendekeza, mradi kila mtu nyumbani aelewe kwamba tembe moja hapa ni sawa na nne za kule, na kwamba haifai mtoto apimiwe kwa mazoea ya pakiti ya zamani.

Ubora wa dawa hii uko katika mgawanyo wa kazi. Artemetha hushambulia vimelea kwa kasi na kuvipunguza kwa wingi katika muda mfupi, kisha hutoka mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini huenda polepole, hubaki katika damu kwa siku kadhaa, na ndiyo inayomalizia vimelea vilivyosalia. Mgonjwa huhisi kazi ya ile ya kwanza: homa hushuka, kichwa hutulia, na kufikia siku ya pili anatafuta viatu aende kazini. Hapo ndipo tembe nane au kumi na mbili husazwa na kuwekwa kwenye droo ya kabati zikisubiri homa ya mtu mwingine. Kazi ya lumefantrini haina dalili yoyote ya kuhisiwa, na kwa hiyo ni lazima mtu aambiwe kuihusu. Pakiti haiwezi kumwambia kila kitu, hata ikiwa na michoro mizuri ya jua na mwezi.

Yafuatayo ni mazungumzo niliyoyasikia katika duka moja karibu na stendi ya mabasi, ambalo sitalitaja kwa jina.

"Dada, hizi nameza vipi?"

"Nne asubuhi, nne jioni, siku tatu."

Muuzaji akaandika "4 x 2" juu ya pakiti kwa kalamu, akamkabidhi mteja pamoja na kikombe cha maji ili ameze dozi ya kwanza pale pale, na mteja akaondoka. Ilikuwa jioni, na mtu yule alikuwa amesema mwenyewe kwamba hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi.

Maelezo hayo yana kasoro mbili. Ya kwanza ni muda. Dozi ya pili ya AL hufuata baada ya saa 8 tangu dozi ya kwanza, ya tatu hufuata saa 24 baada ya ile ya kwanza, na zilizobaki kila baada ya saa 12. Aliyeanza saa moja jioni anapaswa kuamka saa tisa usiku ameze ya pili. Najua hakuna anayependa kuamka saa hiyo akiwa na homa, lakini simu ya kila mtu ina kengele, na kumwambia mteja aitege ni kazi ya sekunde chache. Ule mwandiko wa "4 x 2" unafaa kwa siku ya pili na ya tatu, na unapotosha usiku wa kwanza, wakati vimelea vingali vingi zaidi mwilini.

Kasoro ya pili ni kubwa kuliko hiyo, nayo ni chakula. Lumefantrini haiyeyuki vizuri katika maji na huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Majaribio kwa watu wenye afya njema yalionyesha kwamba ikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kiasi cha lumefantrini kinachoingia katika damu huongezeka takriban mara 16 kikilinganishwa na tumbo tupu, na artemetha nayo takriban mara mbili. Sijui dawa nyingine ya kawaida nyumbani mwangu ambayo hutegemea sahani kwa kiasi hicho. Mgonjwa hahitaji karamu, kwani kikombe cha chai iliyopikwa kwa maziwa, kipande cha parachichi, chapati, yai la kukaanga, au uji uliotiwa maziwa hutosha. Kinachosikitisha ni kwamba mgonjwa wa Nairobi kwa desturi hupewa vitu vile vile visivyo na mafuta: chai ya rangi, soda na mkate mkavu. Anapokuja kulalamika wiki mbili baadaye kwamba "hii dawa siku hizi haifanyi kazi", huenda lawama ni ya chai ile. Usugu wa vimelea upo na ni jambo zito. Usugu usio kamili dhidi ya artemisinini, jamii ya dawa ambayo artemetha ni mojawapo, umethibitishwa Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea, nchi ambazo baadhi yake tunapakana nazo. Sababu hiyo peke yake yatosha kutuzuia tusiongeze idadi ya watu wanaomeza nusu ya nguvu ya dawa.

Mgonjwa akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, dozi hiyo hurudiwa. Jambo hili pia halisemwi kaunta, ingawa lina athari ya moja kwa moja kwenye mauzo: aliyerudia dozi atapungukiwa na tembe mwishoni na atalazimika kurudi dukani kuzijaza.

Kwa watoto, sifa kuu naipa tembe ya kuyeyusha majini. Novartis na shirika la Medicines for Malaria Venture waliizindua mwaka 2009 ikiwa na ladha ya cheri, na kabla ya hapo wazazi walikuwa wakiponda tembe chungu za watu wazima kwa kijiko na kuomba Mungu. Huwekwa katika maji kidogo, kama mililita 10 kwa kila tembe, hukorogwa, hunyweshwa, kisha kikombe husuuzwa kwa maji kidogo na mtoto akanywa yale masuuzo pia, kwa kuwa dawa hubaki ikiwa imegandamana chini. Baada yake mtoto anyonye au apewe maziwa. Ladha haidanganyi kikamilifu, na wangu hukunja uso kila mara, lakini humeza.

Tatizo la watoto liko kwenye mizani. Dozi ya AL hufuata uzito: chini ya kilo 15 ni tembe moja, kilo 15 hadi chini ya 25 ni mbili, kilo 25 hadi chini ya 35 ni tatu. Kaunta nyingi hazina mizani, na muuzaji huuliza, "Mama, mtoto ana miaka mingapi?" Akijibiwa "mitatu", hutoa pakiti ya tembe mbili mbili. Umri unaruhusiwa kutumika pale ambapo mizani haipo, lakini mtoto wa miaka mitatu mwenye kilo 13 si jambo la ajabu Nairobi, na dozi yake ni tembe moja. Kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto huandikwa uzito kila ziara, kwa hiyo mzazi anayekibeba anapokwenda kununua dawa amemrahisishia muuzaji kazi. Mtoto mchanga wa chini ya kilo 5 ni suala jingine kabisa. Ilikuwa Julai 2025 ndipo mamlaka ya dawa ya Uswisi ilipoidhinisha AL iliyotengenezwa mahususi kwa wachanga wa kilo 2 hadi 5, na mtoto wa umri huo mwenye homa apelekwe hospitalini moja kwa moja, si dukani.

Kuhusu wajawazito nina malalamiko makali zaidi, kwa kuwa hapa woga umechukua nafasi ya maarifa. Shemeji yangu, akiwa katika miezi mitatu ya kwanza na kipimo kimeonyesha vimelea, aliambiwa na duka moja la mtaani kwetu avumilie hadi miezi hiyo ipite, kwa sababu dawa za malaria "zitamharibu mtoto". Hakuelekezwa kokote. Malaria isiyotibiwa ndiyo inayomhatarisha mtoto: vimelea hujificha katika kondo la nyuma, mama huishiwa damu, mimba inaweza kuharibika, na mtoto akizaliwa huwa na uzito mdogo. Kwa miaka mingi tiba iliyopendekezwa katika miezi mitatu ya kwanza ilikuwa kwinini pamoja na klindamisini kwa siku saba, tiba iliyowafanya kina mama wasikie kengele masikioni na ambayo inaweza kushusha sukari ya damu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha pendekezo lake na kuikubali AL kuwa tiba ya malaria isiyo kali hata katika miezi hiyo ya mwanzo. Katika miezi inayofuata AL ilikuwa imekubalika tangu zamani. Mjamzito mwenye homa anapaswa kupimwa na kuhudumiwa siku hiyo hiyo katika kituo cha afya, na duka lisiloweza kumtibu lina wajibu wa kumwambia aende huko bila kuchelewa.

Wengi huchanganya tiba hiyo na zile tembe tatu za SP (sulfadoksini na pirimethamini), ambazo wazee bado huziita Fansidar. SP iliacha kuwa tiba ya malaria nchini pale sera ya mwaka 2004 ilipoleta AL, ambayo ilianza kusambazwa katika vituo mwaka 2006. Kabla yake SP ilikuwa imechukua nafasi ya klorokwini mwaka 1998. Leo SP ina kazi ya kinga kwa wajawazito: humezwa zote tatu kwa pamoja mbele ya muuguzi, kuanzia wiki ya 13 ya ujauzito, kila ziara ya kliniki, mradi mwezi mmoja umepita tangu dozi iliyotangulia. Hutolewa katika kaunti 14 za ukanda wa ziwa na pwani, na Nairobi haimo, kwa hiyo asiyepewa kliniki za hapa hajanyimwa haki yake. Anayetarajia kwenda kujifungulia Siaya au Kilifi azungumze mapema na muuguzi. Wanaotumia kotrimoksazoli (Septrin) kwa ajili ya Virusi vya Ukimwi hawapewi SP, na foliki asidi ya miligramu 5 hupunguza nguvu yake, tofauti na ile ndogo ya miligramu 0.4. Katika hili naisifu Kikuyu, hatua chache tu nje ya jiji: kiwanda cha Universal Corporation kilichoko huko kilipata ithibati ya Shirika la Afya Duniani kwa SP yake mwaka 2022, cha kwanza barani Afrika kufanya hivyo kwa dawa hiyo.

Mshindani wa AL kwenye rafu ni mchanganyiko wa dihaidroartemisinini na piperakwini, ambao humezwa mara moja kwa siku kwa siku tatu. Urahisi huo unauzwa kwa bidii, na katika maduka fulani hupendekezwa kwanza. Kwa mujibu wa mwongozo wa Kenya ni dawa ya mstari wa pili, itumiwe pale AL iliposhindwa. Nayo, kinyume cha AL, haitakiwi kumezwa pamoja na mlo wa mafuta mengi, kwa kuwa mafuta huongeza piperakwini katika damu na dawa hiyo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Muuzaji anayewaambia wateja wote "kula kwanza" amepatia kwa mmoja na kumkosea mwingine.

Sindano sizihesabu kama bidhaa ya kaunta, ingawa zahanati za mitaani hupenda kuzichoma kwa kila homa na mteja hujiona amehudumiwa kweli kweli. Sindano ya artesuneti ni ya malaria kali: mwenye degedege, aliyepoteza fahamu, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida au ambaye hawezi kuketi. Kwa mgonjwa wa namna hiyo ni dawa ya ajabu. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2010, lililohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwamo, lilionyesha vifo vya asilimia 8.5 kwa waliopewa artesuneti dhidi ya 10.9 kwa waliopewa kwinini. Hutolewa hospitalini kwa angalau dozi tatu katika saa 24 za kwanza, na mgonjwa akishaweza kumeza hupewa dozi kamili ya AL. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani.

Kwa bei, vituo vya umma hutoa AL bila malipo inapokuwepo, na uhaba hutokea. Katika maduka binafsi, ule mpango wa ruzuku ulioanza mwaka 2010 uliweka bei elekezi ya shilingi 40 kwa pakiti zenye alama ya jani la kijani, na baadhi yetu bado tunalitafuta jani hilo kwa macho kabla ya kuuliza bei. Siku hizi tofauti kati ya duka na duka ni kubwa mno kuweza kuitetea. Mimi hununua palipo na leseni ya mwaka husika ya Bodi ya Dawa na Sumu ukutani, hutazama tarehe ya mwisho ya matumizi, na hukataa tembe zilizokatwa kwa mkasi kutoka pakiti isiyoonekana, hata kama zimeuzwa kwa nusu bei.

Homa ikirudi ndani ya siku 28 baada ya AL, mgonjwa asijinunulie pakiti nyingine ile ile. Arudi kupimwa, na aombe hadubini badala ya kipimo cha haraka, kwa sababu kipimo hicho hutafuta protini ya kimelea ambayo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na kinaweza kuonyesha malaria hata kwa mtu aliyekwisha kupona.